Mizani anayotumia mtazamaji wa Nairobi kupima filamu

MATATU za nambari 23 zinapopanda Barabara ya Waiyaki jioni kuelekea Kangemi, na zile za nambari 46 zinapojikokota katika msongamano kuelekea Kawangware, gumzo la abiria aghalabu huwa la mambo matatu: siasa, kandanda, na kile kilichoonyeshwa kwenye runinga usiku uliotangulia.

Siasa na kandanda zina wachanganuzi wake wanaolipwa. Hilo la tatu limeachiwa abiria wenyewe, nao hulishughulikia bila kusita. Mmoja husema mchezo fulani umekwisha ladha, mwingine huutetea, na wa tatu aliyekuwa akisinzia huamka ili aulize ni kwa nini yule mke bado hajamwacha mumewe.

Ni rahisi kuyapuuza maoni ya namna hiyo. Anayeyatoa hakusomea uigizaji, pengine filamu yenyewe aliiona nusu kwa sababu stima zilipotea, na jina la mwelekezi wake halimshughulishi hata kidogo.

Hata hivyo, huyu ndiye anayeamua ni kipindi kipi kitadumu miaka kumi na kipi kitazikwa baada ya miezi mitatu. Akibadilisha stesheni, wenye matangazo ya biashara humfuata alikokwenda, na pesa za matangazo zikishaondoka, mchezo nao hauna budi kufunga virago. Kwa hivyo yafaa kuchunguza mizani anayoitumia.

Nairobi isiyokuwa Nairobi

Swali lake la kwanza si iwapo filamu ni nzuri. Huuliza iwapo aliyeitengeneza anaijua Nairobi.

Chukua mfano wa Out of Africa, filamu ya 1985 iliyoelekezwa na Sydney Pollack na ambayo ilinyakua tuzo saba za Oscar. Kisa chake kinatokea karibu na vilima vya Ngong, katika eneo ambalo leo ni mtaa wa kifahari wa Karen. Nyumba ya Karen Blixen, mwandishi Mdenmaki ambaye maisha yake ndiyo yanayosimuliwa, ni makumbusho yanayotembelewa na watalii wengi, baadhi yao wakiwa wamevutwa na filamu hiyo tu.

Mtazamaji wa Kawangware, akiipata kwenye runinga, husifu mandhari na ile ndege inayopaa juu ya mbuga. Kisha hukumbuka kwamba wale Wakikuyu wanaopalilia kahawa na kubeba vyombo walikuwa na wake, watoto na mashamba yao, na huuliza ni kwa nini saa mbili na nusu zinapita bila yeyote kuwafuata hadi nyumbani kwao. Farah, msaidizi Msomali wa Blixen, aliigizwa na Malick Bowens ambaye asili yake ni Mali. Kwa mtazamaji wa Ulaya hilo huenda si neno. Kwa mtu ambaye amenunua nguo Eastleigh maisha yake yote, Msomali hatambulikani kwa kilemba pekee.

Eastleigh hiyo hiyo ilitendewa makubwa zaidi katika Eye in the Sky, filamu ya 2015 ya mwelekezi Gavin Hood. Humo mtaa huo unaonekana kama himaya ya wanamgambo wenye bunduki wanaozuia magari barabarani mchana kweupe, huku makamanda wa Uingereza na Marekani wakijadiliana iwapo warushe kombora kutoka angani. Picha zilipigwa Afrika Kusini.

Ni filamu yenye swali zito: je, ni halali kuhatarisha uhai wa msichana mmoja anayeuza mikate ili kuwazuia walipuaji wasiue makumi? Lakini mtazamaji wa Nairobi hulifikia swali hilo akiwa tayari amechoka kunung'unika. Eastleigh aijuayo yeye ni ya maduka ya ghorofa kwa ghorofa, mikokoteni, matope ya msimu wa mvua na bei za kupigania. Akishaona kwamba amedanganywa kuhusu mtaa, huanza kushuku kwamba amedanganywa na kuhusu kombora pia. Tetesi hiyo huenda si ya haki kwa filamu yenyewe, ila chanzo chake kinaeleweka.

The Constant Gardener ya 2005 haikufanya kosa hilo. Fernando Meirelles alipeleka kamera Kibera kwenyewe, na mabati, reli na watoto wanaoonekana ni wa Kibera. Rachel Weisz alitunukiwa Oscar kwa kazi yake humo. Mtazamaji huikubali kwa sababu hiyo, ingawa hulalamika kwamba wenyeji wanabaki kuwa pazia la nyuma huku Wazungu wakipendana na kufa mbele.

Msururu wa Sense8, ulioanza 2015 kwenye Netflix, ulijaribu kuwa tofauti kwa kumpa dereva wa matatu wa Nairobi nafasi sawa na wahusika wengine saba kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Capheus analiita gari lake kwa jina la kumuenzi Jean-Claude Van Damme, na hapo waandishi waligonga ndipo. Ni vigumu kupata kibanda cha video jijini ambacho hakijawahi kumwonyesha Van Damme. Tatizo lilikuwa ulimi. Capheus aliigizwa na Aml Ameen, Mwingereza, na matamshi yake hayakuwa ya mtu yeyote aliyewahi kuning'inia mlangoni mwa matatu.

Vipuri vya Kirinyaga Road

Dhidi ya hizo zote husimamishwa Nairobi Half Life, ya mwelekezi David 'Tosh' Gitonga. Ilipozinduliwa 2012, ilivuta umati katika majumba ya sinema ya Nairobi, na ndiyo filamu ya kwanza ambayo Kenya iliwasilisha kuwania Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Joseph Wairimu, aliyeigiza Mwas, alishinda tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la filamu la Durban mwaka huo huo.

Lakini tuzo sizo zinazotajwa kwenye matatu. Kinachotajwa ni kwamba Mwas, kijana wa mashambani mwenye ndoto ya kuwa mwigizaji, anashuka basi katikati ya jiji na kuporwa kila kitu kabla hata hajapata mahali pa kuketi. Kila aliyehamia Nairobi kutoka mashambani ana kisa chake cha siku ya kwanza, na kama si chake basi ni cha binamu yake.

Kinachotajwa pia ni wizi wa vipuri. Genge analojiunga nalo Mwas linaanza kwa kung'oa vioo na taa za magari na kuziuza kwa mfanyabiashara wa vipuri. Mwenye gari jijini ameambiwa mara nyingi kwamba akiibiwa kioo cha pembeni Westlands usiku, aende akakinunue tena asubuhi upande wa Kirinyaga Road. Filamu inayojua jambo hilo haihitaji kujieleza zaidi. Mtazamaji huiamini hata inapofika kwa polisi wanaogawana mapato na wezi.

Palikuwa na walioilaumu kwa kuchafua jina la jiji. Wengi wa walioishi mitaa ya chini hawakuiona aibu hiyo. Kwao aibu ni kioo kuibwa, si kioo kuonyeshwa kikiibwa.

Bawabu mwenye suti

Ukweli wa mahali haumaanishi damu na bunduki pekee. Pengine hakuna mchezo wa runinga uliowajua vyema wakazi wa magharibi mwa Nairobi kama Papa Shirandula, uliokuwa ukionyeshwa na Citizen, kituo chenye makao yake Kilimani.

Papa, aliyeigizwa na Charles Bukeko, ni bawabu. Nyumbani, mkewe Wilbroda anaamini kwamba mumewe ana kazi ya maana ofisini. Kwa hivyo Papa huondoka nyumbani kwa suti kama mkubwa, kisha akifika kazini huvaa sare na kushika lango.

Mtu asiyeijua Nairobi hucheka kwa sababu mwanamume mnene anabadilisha suruali kwa kujificha. Anayeijua hucheka kwa sababu nyingine. Kila alfajiri maelfu ya watu hutembea kwa miguu kutoka Kawangware kuingia Lavington, na kutoka Kangemi kuelekea Loresho na Westlands. Ni mabawabu, yaya, wapishi na watunza bustani. Si mmoja wala wawili kati yao ambao kule mashambani husemekana kuwa na 'kazi nzuri Nairobi', na wao hawajawahi kuona haja ya kufafanua.

Mchezo huo uliwachekesha watu hao kwa siri yao wenyewe bila kuwadharau. Papa hutapeli na hukwepa madeni, lakini ndiye mwenye akili kuliko mabosi wanaopita langoni. Hiyo ndiyo sababu kifo cha Bukeko kutokana na Covid-19, Julai 2020, kiliombolezwa hata na watu ambao hawakukumbuka jina lake halisi. Walimlilia Papa.

Mama wa nyumba ile ile anayemlilia Papa humhukumu kwa ukali mhusika wa tamthilia za mapenzi. Maria, mchezo ulioanza kupeperushwa 2019 na Citizen, ulimtoa msichana wa mtaa wa mabanda hadi kwenye jumba la familia tajiri, na Yasmeen Saiedi aliyemwigiza akawa jina la kila nyumba. Kisa ni cha kale kama hadithi za Meksiko zilizotafsiriwa ambazo stesheni za Kenya zilizionyesha kwa miaka mingi. Watazamaji walilijua hilo na hawakujali, kwa kuwa safari hii tajiri na maskini walikuwa wakigombana kwa Kiswahili.

Walichokijali ni mwendo. Jambo lililostahili kumalizika Jumatatu lilivutwa hadi Ijumaa, na hapo ndipo subira huisha. Lawama kama hiyo iliipata Tahidi High miaka ya awali: mchezo ulipendwa mno na wanafunzi, ila wazazi hawakuacha kuuliza ni shule gani hiyo ambayo mtu hukaa kidato kimoja hadi anaota ndevu.

Lugha

Kuna kizazi ambacho kipimo chake cha Kiswahili cha runinga bado ni Tushauriane ya miaka ya 1980 na Tausi ya miaka ya 1990, zilizopeperushwa na shirika la utangazaji la taifa. Wahusika walizungumza Kiswahili kilichonyooka, na wazazi waliwaamrisha watoto wakae kitako wasikilize.

Vitimbi ilichagua njia nyingine. Mzee Ojwang' alikivuruga Kiswahili kwa lafudhi ya Kijaluo kwa miongo kadhaa, na nchi nzima ikacheka naye. Benson Wanjau, aliyemwigiza na aliyefariki 2015, alikuwa Mkikuyu. Wapo waliolifahamu hilo siku ya kutangazwa kifo chake, wakashangaa upya. Pengine hiyo ndiyo sifa kubwa zaidi ambayo mtazamaji wa kawaida anaweza kumpa mwigizaji: kutojua kwamba anaigiza.

Filamu za kigeni nazo hupitia mizani hiyo ya lugha, lakini kwa njia ambayo Hollywood haikuitarajia. Katika vibanda vya video vya Kangemi na Kawangware, ambako kiingilio miaka ya 2000 kilikuwa shilingi 10 au 20, sauti iliyosikika juu ya filamu za Kihindi, za Kichina na za Kimarekani ilikuwa ya DJ Afro. Alizisimulia kwa Kiswahili chenye Sheng, akawabatiza wahusika majina ya kienyeji, akawakejeli maadui na kuwatabiria kichapo.

Hakuwa peke yake Afrika Mashariki. Tanzania ilikuwa na Lufufu, na Kampala ina wasimulizi wake wanaozitafsiri filamu kwa Kiganda. Tofauti na manukuu yaandikwayo chini ya picha, msimulizi hutoa maoni huku filamu ikiendelea. Akiona kisa hakina mantiki, husema. Akiona steringi anachelewa kulipiza kisasi, humhimiza. Kwa maneno mengine, mtazamaji wa kibandani hununua filamu pamoja na uhakiki wake, vyote kwa bei ya andazi.

Wasomi wa filamu wangesema kazi ya mwelekezi imeharibiwa. Huenda, na haki za wenye filamu hakika hazikuheshimiwa. Lakini kijana aliyeacha shule darasa la saba na ambaye Kiingereza cha Marekani humpiga chenga alitoka kibandani akiwa amekielewa kisa chote, na alikuwa tayari kukisimulia. Si ajabu kwamba Mwas wa Nairobi Half Life, tunapokutana naye mara ya kwanza kijijini, anauza DVD huku akiwaigizia wanakijiji filamu za Hollywood.

Nani aamue?

Zamani filamu ilikuwa safari ya mjini. Watu walivaa vizuri wakaenda Kenya Cinema katika Moi Avenue, 20th Century katika Mama Ngina Street, au Odeon. Biashara ilipodorora, kumbi nyingi za katikati ya jiji ziligeuzwa makanisa na maduka. Odeon na Globe zimebaki kuwa majina ya vituo vya matatu na mizunguko ya barabara, yakitamkwa na vijana ambao hawakuwahi kuona filamu humo.

Sinema mpya zilihamia kwenye maduka makubwa ya magharibi kama vile Junction na Prestige Plaza, zote za Ngong Road. Tiketi yake hugharimu mamia ya shilingi. Kwa bawabu wa Lavington, hiyo ni chakula cha siku kadhaa, kwa hivyo yeye alinunua DVD River Road kwa shilingi 50, ikiwa na filamu tano au sita, na picha ikikwama katikati aliambiwa aifute kwa kitambaa.

Mwezi Septemba 2018, Prestige Plaza ilishuhudia jambo lisilo la kawaida. Aprili mwaka huo, bodi ya kuainisha filamu ilikuwa imeipiga marufuku Rafiki ya Wanuri Kahiu, ikidai inatukuza mapenzi ya jinsia moja. Wakati huo huo filamu hiyo ilikuwa ikielekea kuwa ya kwanza ya Kenya kuteuliwa kuonyeshwa rasmi Cannes. Ulaya iliiona kabla ya Ngong Road. Septemba, Mahakama Kuu ilisimamisha marufuku kwa siku saba, na foleni zikajaa.

Waliokuja hawakuwa na kauli moja. Wapo waliotoka wakiwa bado wanaamini kwamba kisa kama hicho hakistahili kuonyeshwa, na wapo waliotoka wakipangusa machozi. Wengine walivutiwa na jambo ambalo halikutajwa katika mabishano ya miezi mitano iliyotangulia: kwamba baba za wasichana hao wawili ni wapinzani katika uchaguzi wa mtaani, na kwamba mama muuza chakula mwenye umbeya wamemwona mahali. Aliyeingia aliweza kubishana kuhusu filamu. Aliyefungiwa nje, upande wowote alioegemea, alibishana kuhusu uvumi. Siku saba zilipokwisha, marufuku ilirejea na mvutano ukaendelea mahakamani.

The Wolf of Wall Street, iliyopigwa marufuku Januari 2014, haikupata bahati ya foleni wala ya hakimu. Marufuku yenyewe ndiyo iliyowajulisha wengi kwamba kuna filamu ya jina hilo.

Mtazamaji alikumbushwa pia udogo wa sauti yake Februari 2015, wakati mvutano kuhusu kuhamia matangazo ya dijitali ulipofanya stesheni kubwa za kibinafsi kutoweka hewani kwa wiki kadhaa. Serikali ilikuwa na hoja zake, wamiliki wa vituo wakawa na zao, na kila upande ukadai kumtetea mwananchi. Mwananchi alitazama chenga za kioo. Waliposuluhishana, ilimbidi anunue king'amuzi.

Sasa simu ndiyo ukumbi. Country Queen, tamthilia ya kwanza ya Kenya yenye chapa ya Netflix, ilitoka Julai 2022, ikamfuata mwanamke anayerudi kijijini kwao Ukambani na kukuta kampuni ya madini ikitaka ardhi. Wenye intaneti ya nyumbani huko Kileleshwa waliimaliza wikendi moja. Kwingineko hoja ya kwanza ilikuwa ni bando kiasi gani litateketea, na ya pili ikawa kama Kikamba kinachozungumzwa humo ni Kikamba kweli. Wakamba wa Kangemi waliulizwa na majirani, nao wakalazimika kuitafuta ili wasionekane hawajui.

Usiku, katika vibanda vya mabawabu vilivyoko nyuma ya malango ya Lavington, mwanga mdogo wa simu huonekana hadi karibu na alfajiri. Sauti huwa chini, isimwamshe mwenye nyumba. Kufikia saa kumi na mbili asubuhi, zamu inapobadilishwa, anayeondoka humweleza anayeingia mambo mawili: gari gani limetoka usiku, na kama ile filamu inafaa kuwekwa kwenye simu yake au apuuze.